Kigari cha wagonjwa kinachopasuka chenyewe

Septemba 1916, vikosi vya Uingereza na Afrika Kusini vilipigana na Wajerumani hapa Kisaki. Sasa tuseme historia hiyo imekukolea, na unataka kukusanya vigari vidogo vya chuma, vile vya ambulensi za kijeshi za zamani. Umeona kimoja mtandaoni, kizuri, bei imechangamka. Subiri kwanza.

Vigari hivi hutengenezwa kwa kuyeyusha zinki yenye alumini kidogo, kisha kuisukuma kwa nguvu ndani ya kalibu. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, zinki hiyo mara nyingine iliingiwa na madini ya risasi. Tatizo ni kwamba risasi haikai vizuri ndani ya zinki. Hujikusanya kwenye mipaka ya punje za metali. Unyevu ukifika hapo, mipaka inaliwa, kutu inavimba, na kigari kinapasuka kutokea ndani. Joto huharakisha kazi. Kisaki, chini ya milima ya Uluguru, joto na unyevu vyote tunavyo. Na dawa hakuna.

Kwa hiyo usiulize tu gari halisi ni la mwaka gani. Uliza kigari chenyewe kilitengenezwa lini. Crossley ya 1918 ya Matchbox ilitengenezwa miaka ya 1970, na ambulensi ya jeshi ya Dinky, namba 626, ilitoka miaka ya 1950. Hizo kwa kawaida hazina shida. Ya miaka ya 1930 je? Omba picha ya tumboni. Ukiona nyufa kama utando wa buibui, au bodi imevimba, achana nayo.