Nani Atashuti Doku ya Gemu Zetu?

Wasee wa Kitale na mbogi ya Bungoma, kama hamjacheki High Score, ichekini leo. Ni ya Netflix, ilitoka 2020, vipindi sita, stori ya gemu za zamani tangu enzi za Space Invaders. Penye ilinibamba ni kwa Jerry Lawson, mblaki wa Marekani, injinia wa Fairchild. Yeye na timu yake ndio walitoa Channel F 1976, mashine ya kwanza ya kuchezea nyumbani yenye unachomoa kaseti moja unadunga ingine. Kabla ya hapo gemu zilifungiwa ndani ya mashine, ukizichoka ndio basi. Lawson alidedi 2011, kwa hivyo kwa doku ni watoi wake wanampigia stori. Hapo machozi yanakulenga.

Lakini hiyo kamera inazunguka sana Japani na Marekani. Kitale hutaiona.

Na manze sisi tulicheza! Famicom ya Nintendo ilitoka Japani 1983, ila yenye ilitufikia huku ni kopi zake za Asia. Mtaani ikaitwa tu TV gemu. Padi mbili, bunduki ya plastiki, na kaseti imeandikwa iko na gemu 9999, ukizipitia unapata ni zilezile chache zinarudiwa. Kaseti ikigoma unapuliza. Hiyo pumzi wala haikuwa dawa. Kilichosaidia ni kuchomoa na kurudisha, vile vyuma vinasuguana vinashikana tena. Mate yenyewe yalikuwa yanaleta kutu.

Halafu ikaja PS1, ikafuatwa na PS2, gemu ikahama kwa keja ikaingia kibandani. Benchi ya mbao, waya za padi zimefungwa na selotepu, unalipia mechi, mwenye amechapwa anaamka mwingine anakalia. PS1 ikizeeka inapinduliwa miguu juu, ju reli ya lensi imelika na CD haisomi vizuri ikilala kawaida. Hakuna kitabu kilitufunza hiyo. Ilienea mdomo kwa mdomo.

Haraka yangu ni hii. Ile bunduki ya TV gemu ya kupiga bata inafanya kazi na TV ya kisogo pekee, ju inasoma venye mwanga unachorwa kwa kioo, mstari kwa mstari. Kwa TV bapa ukifyatua, bata anapaa tu. Kila TV ya kisogo ya Greatwall yenye inauzwa skrapu inaenda na hiyo gemu.

Huko New Mexico, 2014, walileta tingatinga Alamogordo wakafukua jalala kutafuta kaseti za E.T. zenye Atari ilizika 1983. Doku ikatoka, Atari: Game Over. Zetu hazijazikwa. Ziko kwa kreti nyuma ya duka la fundi, zinangoja mtu aulize.

Na Kitale ndio mahali pa kuanzia, buda. Makumbusho yetu yalifunguliwa 1974 kutokana na vitu vya mzee mmoja, Hugh Stoneham, mwenye alikusanya wadudu, ndege na vitabu miaka mob. Kama vipepeo vilipata kabati, TV gemu pia inafaa kuwekewa kioo hapo. Wengi wakisimulia gemu za Kenya wanaanzia Nairobi, kwa Wesley Kirinya na The Adventures of Nyangi ya 2007. Heshima kwake, lakini kabla ya mtu kuunda gemu kulikuwa na vijana washakufa vidole kwa padi.

Simu uko nayo. Panda mat Kitale, shuka Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, hadi Kanduyi, uulize kwa kila senta. Anza na fundi wa lensi, ju yeye anajua mashine zilitoka wapi na zilienda na ngapi. Halafu mwenye kibanda. Mathe mwenye alikuwa anakuja na mwiko kutoa kijana wake kwa benchi, msalimie vizuri, mwekee kiti, kisha uache kamera iroll hadi amalize.