Je, Wajua? Rafadha ndefu si lazima iwe bora

Zile ndege aina ya Dash 8 Q400 za Air Tanzania zinazoonekana kutoka Kariakoo zina rafadha za mapanga 6, zenye kipenyo cha mita 4 hivi. Hata wakati wa kuruka huzunguka takriban mara 1,020 tu kwa dakika. Kwa nini taratibu hivyo? Kadiri panga lilivyo refu, ndivyo ncha yake huenda kasi zaidi; ikikaribia kasi ya sauti, kelele huzidi na nguvu ya injini hupotea bure. Ndiyo maana anayejiundia ndege ya mwendo kasi hakimbilii rafadha ndefu. Jambo jingine ni mwinamo, yaani pembe ya panga: panga lenye mwinamo mdogo husaidia kuruka upesi; lenye mwinamo mkubwa hufaa kasi angani. Linalobadilika mwinamo hufanya yote mawili, ila ni zito na ghali.