Je, Wajua? Panya Anayerudia Kipimo cha Hospitali

Chini ya milima ya Uluguru, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa kifua kikuu. Makohozi ambayo hospitali na vituo vya afya vimekwisha kuyapima hupashwa moto kuua vimelea, kisha hupangwa chini ya vitundu 10 vya sakafu ya kizimba. Panya hupita akinusa. Akigandisha pua juu ya kitundu kwa sekunde 3 hivi, kuna jambo. Ujira wake? Ndizi ya kupondwa na karanga. Sampuli 100 huzimaliza kwa dakika 20. Mtaalamu wa hadubini huhitaji hadi siku 4. Lakini hadubini haijastaafu: panya akishuku, maabara huthibitisha, ndipo mgonjwa huitwa.