Kongo Hadi Gazi: Tuliyoyapita Mlangoni

Ndugu msomaji, nimevuka kivuko cha Likoni miaka mingi, kwa harusi na kwa matanga, na kila gari likifika Ukunda mimi huendelea zangu bila kugeuza shingo upande wa bahari. Ndivyo tulivyo watu wa pwani. Ya kwetu tunayaona yapo tu. Mwezi uliopita mwanangu alinilipia nafasi katika safari ya siku moja ya kutazama mambo ya kale ya Kwale, pamoja na wageni watano. Nilikwenda ili kumridhisha. Nikarudi na deni.

Tulianzia Msikiti wa Kongo, mwisho wa ufuo wa Diani upande wa kaskazini, pale Mto Mwachema unapoingia baharini. Mibuyu minene imeuzunguka kama wazee waliokaa barazani. Kiongozi wetu, kijana wa Kidigo, aliwaeleza wageni kuwa ujenzi wake huhesabiwa kuwa wa karne ya 14 au ya 15, na kwamba wengine huuita msikiti wa Waajemi. Kisha akaupiga ukuta kwa kiganja. "Lakini jiwe hili ni tumbawe la bahari hii hii," alisema. "Msiwatafute wajenzi mbali sana."

Bibi mmoja wa Kijerumani aliiona kofia yangu, akaniuliza kwa kinywa cha kijana: je, mimi mwenyewe nimeswali humo mara ngapi?

Nina umri wa miaka 62. Nilitazama chini, nikajibu kuwa sijaswali hata mara moja. Kijana hakunisuta. Aliniambia tu, "Basi, ami, maji ya udhu yale pale."

Niliswali rakaa mbili. Ndani mna ubaridi kwa unene wa kuta, na kelele za ufuoni hazisikiki. Nilipotoka nikakumbuka Gede na Jumba la Mtwana, ambako misikiti ya kale imebaki magofu na watu huingia kwa tikiti. Kongo bado huadhiniwa. Wanaokuja kuswali ndio waliousimamisha hadi leo.

Kutoka hapo tulishuka kusini hadi Kaya Kinondo, msitu wa wazee wa Kidigo wenye ukubwa wa hekta 30 hivi. Mlangoni tulifungwa kaniki nyeusi kiunoni, tukaambiwa tuvue kofia. Hapo, nakiri, moyo ulisita. Kijana akanisogelea. "Ami, mimi nami ni Muislamu, na Wadigo wengi ni Waislamu. Hatukuombi uabudu mti. Kofia unaivua kama mgeni anavyovua viatu msikitini, kwa adabu ya mwenye nyumba."

Niliivua, nikaitia mfukoni. Ndani haruhusiwi mtu kutoka na kitu, hata kijiti kikavu. Njiani tulionyeshwa miti ya dawa na mizizi minene kupita mwili wa mtu. Mwaka 2008 shirika la UNESCO liliziingiza kaya za Wamijikenda, Kinondo ikiwamo, katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini kabla ya karatasi hiyo, miiko ya wazee ndiyo iliyouzuia msitu huu usikatwe, wakati pande zote hoteli na viwanja vilikuwa vikiula mwambao.

Baada ya adhuhuri tulifika Gazi, palipokuwa makao ya Sheikh Mbaruk bin Rashid. Mazrui walipong'olewa Mombasa na Seyyid Said mwaka 1837, tawi moja lilikwenda Takaungu na jingine likaja huku. Mbaruk aliwasumbua masultani wa Unguja kwa miaka mingi, na mwaka 1895 akapigana na Waingereza. Mwaka 1896 alishindwa, akavuka mpaka kwa Wajerumani, asirudi tena Gazi. Jumba lake lilikuja kufanywa shule ya msingi.

Wageni walipenda habari za vita. Kijana hakuwaficha na upande wa pili: mashamba yaliyomtajirisha bwana yalilimwa na watumwa, ambao majina yao hayakuandikwa popote. Nilifurahi kuona haoni haya kusema kweli yote. Na nikawaza kuwa nyumba iliyokuwa ya amri, ikaja kuwa nyumba ya alifu na hesabu za watoto wa wote, haikupata mwisho mbaya.

Alasiri tuliswali Msambweni, kwao kijana, chini ya minazi. Nikamwuliza, katika mwaka mzima huwaongoza wenyeji wangapi? Alitabasamu, asijibu.

Ndugu zangu, mahali hapa hapakuhifadhiwa na ukuta wala kibao. Kongo kumehifadhiwa na swala, Kinondo na miiko, Gazi na watoto waliokaa darasani. Siku tutakapoyaacha mambo haya, wageni watabaki kusimuliwa mawe matupu. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ijumaa inayokuja nitavuka tena Likoni pamoja na wajukuu wangu, na safari hii gari litakunja kushoto pale Ukunda.