Jinsi Mimea Ilivyotoka Majini

Ndugu mkulima, ukipita kando ya kidimbwi utaona utando wa kijani juu ya maji, kama nyuzi zilizosokotana. Uchukue kidogo, uuweke juu ya jiwe penye jua. Kabla hujamaliza kupalilia tuta moja utaukuta umekauka. Utando ule hauna ngozi ya kuzuia maji, wala hauna mizizi, kwani maji huuzunguka pande zote. Nao wataalamu wametambua ya kuwa mimea yote ya nchi kavu, tangu nyasi hata mvule, asili yake ni jamii ya mimea midogo ya majini kama hiyo, na ya kuwa ilianza kukaa nchi kavu yapata miaka milioni 470 iliyopita.

Labda utauliza, Habari za kale namna hii zitanifaa nini shambani? Zitakufaa, maana shida ile ya kwanza ya kukauka haijaisha. Mahindi yako yakunjapo majani saa sita mchana, yanashindana na shida iyo hiyo.

Kinga mojawapo ilikuwa ngozi ya nta. Mwagia maji jani la mgomba, utayaona yakiteleza. Lakini ngozi izuiayo maji huzuia na hewa, na mmea hutengeneza chakula chake kwa hewa, maji na mwanga wa jua. Kwa hiyo mimea ikapata vitundu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vyenye midomo ya kufunguka na kufumba. Vikiwa wazi, hewa huingia na maji hutoka. Vikifumbwa, maji hubaki ila mmea hushinda njaa. Katika maji yote yapandishwayo na mizizi, zaidi ya sehemu 90 kwa 100 hutokea hapo. Mkonge, ulioletwa pwani ya Tanga mwaka 1893, una werevu wake: hufungua vitundu vyake usiku, jua likiisha kuchwa.

Mizizi haikupatikana mara moja. Huko Rhynie, nchi ya Scotland, yako mawe yaliyohifadhi mimea ya miaka milioni 407 hivi: vijiti vifupi visivyo na majani. Ndani ya vijiti hivyo zimeonekana nyuzi za kuvu. Kuvu hiyo iliutafutia mmea chumvichumvi za ardhini, na mmea ukailipa kwa chakula. Urafiki huo ungaliko katika mizizi ya mahindi, mtama na muhogo wako, na jembe lipitalo mara nyingi pasipo haja hukata nyuzi hizo.

Kinga nyingine ilikuwa mirija ya kupandishia maji, na ugumu wa mti wa kuifanya isimame wima. Hata hivyo kangaga, ambayo ni mimea ya kale, haijaachana kabisa na maji: mbegu yake ya kiume sharti iogelee katika unyevu ili iifikie ya kike. Ndiyo sababu huiona sana kwenye mabonde yenye kivuli.

Mahindi hayahitaji kuogelea. Chavua huchukuliwa na upepo kutoka juu mpaka kwenye nywele za gunzi. Lakini hapa pana hatari. Ukame ukiingia wakati wa kuchanua, nywele huchelewa kutoka, chavua ikamwagika bure, nawe ukavuna magunzi yenye mapengo. Ukichelewa kupanda unajiweka katika hatari hiyo. Mtama ni mstahimilivu zaidi: una nta nyingi, tena huweza kusimamisha ukuaji wake na kuungojea mvua. Afadhali kila mwaka uwe na shamba lake, hata kama watoto wanapenda zaidi ugali wa mahindi.

Mimi mwenyewe, nilipoanza kazi hii, nilihamisha miche ya kabichi saa tano ya asubuhi, jua kali, kwa haraka ya kumaliza. Jioni yote ilikuwa imelala chini. Kung'oa mche hukata vinyweleo vya mizizi vinywavyo maji, na majani yasiyojua habari hiyo huendelea kuyatoa. Basi mwagilia kitalu kwanza, uhamishe jioni au siku ya mawingu, kila mche na udongo wake mizizini. Punguza majani makubwa, weka kivuli siku chache, kisha tandaza nyasi kavu juu ya udongo, ila zisiguse shina.