Je, Gegedu la Goti Laweza Kuoteshwa Upya?

Anayeishi Mwamgongo anaijua kazi ya goti. Kijiji kiko kati ya maji ya Tanganyika na milima mikali; shamba liko juu, mtumbwi uko chini, na mzigo uko kichwani. Mzee mwenye maumivu akisikia kwamba mahali fulani kuna sindano ya "seli shina" inayootesha goti jipya, anaweza kushawishika kuuza hata nyavu. Kabla hajauza, tuelezane.

Tazameni mguu wa kuku uliopikwa. Ile sehemu nyeupe na telezi iliyo mwishoni mwa mfupa ndiyo gegedu. Katika goti huzuia mifupa isisagane. Halina mishipa ya damu, na hapo ndipo penye taabu: jeraha la ngozi hupona kwa sababu damu huleta vifaa vya kujengea, lakini gegedu halipati msaada huo. Daktari William Hunter wa London aliandika tangu mwaka 1743 kwamba likiharibika halirudi.

Seli shina ni chembe hai changa ambazo bado hazijachagua kazi. Hupatikana katika uboho wa mifupa, mafuta ya mwili na damu ya kitovu. (Hizi Kanisa halizikatai, linalokataza ni kuharibu viinitete vya binadamu.) Wataalamu huzielekeza ziwe gegedu, lakini zinahitaji mahali pa kukaa. Chembe za gegedu zikilazwa juu ya sahani bapa hutandaa na kusahau kazi yake. Zikishikwa ndani ya haidrojeli hubaki mviringo na kuendelea kujenga. Haidrojeli ni wavu wa nyuzi ndogo mno uliojaa maji, laini kama uji wa muhogo uliopoa ukaganda. Nyingine hutokana na mwani. Hata ule mwekundu unaolimwa Zanzibar hutoa kigandishi ambacho watafiti wamekijaribu. Kazi yake ni ya jukwaa la mwashi: hushikilia mpaka ukuta usimame, kisha huyeyuka polepole.

Mwaka 2012 Korea Kusini iliruhusu dawa iitwayo Cartistem, yenye seli shina za damu ya kitovu ndani ya jeli. Lakini si sindano ya kuchomwa na kurudi nyumbani. Daktari hupasua goti, hutoboa vijishimo mfupani na kuvijaza, kisha mgonjwa hutembelea magongo kwa wiki nyingi. Tena gegedu linaloota kwa njia hizi mara nyingi huwa dhaifu kuliko la asili. Kwa kawaida hufaa zaidi shimo dogo la mtu aliyeumia, si goti lililosagika lote.

Kwa hiyo anayeahidi goti jipya kwa sindano moja, msimpe nyavu zenu. Goti lililokwisha kabisa hubadilishwa kwa la bandia, kazi inayofanywa na Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. Anzeni Hospitali ya Maweni, Kigoma.

Wengi hawahitaji kufika huko. Kaa kitini, nyoosha mguu mbele, hesabu hadi 5, shusha. Mara 10, asubuhi na jioni. Fimbo ishikwe upande wa goti zima (wengi huishika upande mwingine). Mzigo ugawanywe safari mbili. Diklofenaki isinywewe kila siku bila ushauri wa daktari, maana huweza kuleta vidonda vya tumbo. Na goti likivimba ghafla, likawa la moto pamoja na homa, msingoje boti ya kesho.