Panzi wa Barbados Hawakuhamia Tobago

Nimeulizwa tena: "Kwa nini samaki panzi waliikimbia Barbados wakahamia Tobago?" Na muuliza huja na dawa yake mkononi: boti kubwa zaidi, mafuta mengi zaidi, wafuatwe hukohuko kusini.

Hawakumkimbia mtu. Panzi wa mabawa manne huishi mwaka mmoja hivi. Waliouzwa Bridgetown msimu uliopita wamekwisha kufa; wa msimu huu ni watoto wao. Utasemaje samaki wa namna hiyo amekasirika akahama? Tena mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti waliwatia panzi alama wakawaachia, na baadhi yao wakavuliwa kwenye visiwa vingine. Ni kundi moja, na makazi yake ni bahari yote ya mashariki ya Karibi. Imani hii ya kuhama imewaponza watu: mwaka 2004 wavuvi wa Barbados walikamatwa katika maji ya Tobago, na mwaka 2006 mahakama ya usuluhishi ilichora mpaka wa bahari kati ya Barbados na Trinidad na Tobago bila kuwapa wavuvi hao haki ya kuvua ng'ambo yake.

Kinachohama ni maji. Msimu wa panzi, Desemba hadi Juni, ndio wakati wa kutaga. Mayai yao hayaelei. Yana nyuzi za kunata, na yasiponasa kwenye kuti, gogo au mwani huzama. Kwa hiyo mtafute panzi pale mkondo ulipokusanya vitu vinavyoelea. Na mkondo hautulii: ule wa Brazili Kaskazini humega mizunguko ya maji yenye upana wa hata kilomita 400, ikapanda kuelekea visiwani na maji ya Amazon yenye chumvi kidogo. Halafu, tangu 2011, mwani wa sagasamu umetanda. Mvuvi wa Barbados humvuta panzi kwa matita ya makuti na majani ya miwa. Leo panzi ana pa kutagia kila upande, na nyavu zinarudi na mwani. Wavu mtupu haujathibitisha kwamba samaki hayupo!

Basi, upesi: tazama picha za setilaiti za mwani kabla ya kuchoma mafuta. Beba barafu. Makuti yenye mayai yaache baharini. Serikali zihesabu samaki wa visiwa vyote pamoja, kama ulivyotaka mpango wa pamoja wa visiwa wa 2014 wa kusimamia uvuvi wa panzi, ulioufanya uvuvi wa tani 5,000 kwa mwaka kuwa kiwango cha tahadhari, na felusi, anayewala panzi, ahesabiwe humohumo.